Kulungu alitoroka na risasi: Je, ni kosa la bunduki?

NI saa tisa za usiku na simu inalia. Saa hizo mtu hafikirii ila msiba. Niliishika kwa mkono uliokuwa ukitetemeka, nikasikia sauti ya shemeji, mume wa dada yangu mkubwa, ambaye ni muuguzi katika jimbo la Minnesota, Marekani. Kwake ilikuwa saa kumi na mbili jioni, na kwa jinsi alivyovurugikiwa alikuwa amesahau kwamba sisi huku tumelala.

"Shem, nimempiga mnyama na sijamwona," aliniambia. "Tumemtafuta mpaka giza limeingia. Damu iko kwenye theluji, mnyama hayupo."

Ilinibidi niketi kitandani ndipo nianze kuelewa. Wenzake kazini walikuwa wamemwalika kwenda kuwinda kulungu, msimu ambao huko huwa mwezi wa Novemba. Alikuwa amehudhuria masomo ya usalama wa silaha, maadamu sheria ya jimbo hilo inamtaka kila aliyezaliwa baada ya Desemba 31, 1979, awe na cheti hicho kabla ya kuuziwa leseni ya kuwinda kwa bunduki. Alikuwa amevaa koti la rangi ya machungwa inayowaka ili wawindaji wengine wasije wakamdhania kuwa windo. Kila kitu kilikuwa sawa, isipokuwa bunduki yenyewe ambayo aliazimwa asubuhi hiyo hiyo na hakupata nafasi ya kuijaribu.

Kulungu alisimama umbali wa kama hatua 150. Shemeji alilenga nyuma ya bega kama alivyofundishwa, akafyatua. Mnyama aliruka, akatimka. Yaliyofuata ni saa nne za kufuata matone mekundu msituni hadi yakapotea.

Mtu ambaye kazi yake ni kuwapunguzia watu maumivu hawezi kulala vyema akijua kuna kiumbe kinachokufa polepole kwa mkono wake. Wiki moja baadaye alipiga tena, safari hii mchana, akaniambia amekata shauri: atanunua bunduki yake mwenyewe, mpya kutoka kiwandani, inayolenga barabara. Alikuwa ametenga dola 800.

Hapo dada akamnyang'anya simu. "Mwambie mwenzako ukweli," akaniagiza. "Hizo pesa ni za tangi la maji la mama."

Kwa pesa za kwetu hizo ni zaidi ya Sh100,000. Nami, ambaye bunduki pekee ninayoiona kila siku ni ile ya askari wa mlangoni mwa benki, nikajikuta nimefanywa hakimu.

KWA NINI ITUHUSU

Msomaji wa Nairobi au Mombasa huenda akauliza haya yanamhusu nini. Hapa Kenya uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku 1977, na raia anayetaka kumiliki bunduki ni sharti apate leseni chini ya Sheria ya Silaha. Si kitu cha kutazamwa dirishani pa duka baada ya ibada ya Jumapili. Jirani zetu wa Tanzania bado wanaruhusu uwindaji wa kitalii kwa leseni, lakini hiyo ni biashara ya wageni wenye fedha.

Hata hivyo, ni familia chache za mjini siku hizi ambazo hazina mtu ng'ambo. Na kule Minnesota, bunduki ya kuwindia ni kitu cha nyumbani kama vile panga lilivyo kwetu mashambani. Mwenye makazi ya kudumu anaweza kuinunua dukani akiwa ametimiza umri, akajaza fomu ya serikali kuu na kuchunguzwa kupitia ule mfumo wa FBI ulioanza 1998. Aliye na viza ya muda tu, kama vile mwanafunzi, asijaribu kabla ya kuuliza wanaojua sheria: kwa kawaida amekatazwa, na hata vighairi vichache vilivyopo, kama vile kuwa na leseni ya kuwinda, vina masharti yake. Kosa hilo linaweza kumrudisha nyumbani mapema kuliko alivyopanga.

Basi nikaanza kusoma na kuuliza. Niliyoyakuta yalinishangaza, kwani nilidhani jibu litakuwa ni lile la kawaida, kwamba kizuri ni ghali.

INCHI MOJA NI NINI?

Watengenezaji wa bunduki hupima ulengaji kwa dakika ya pembe. Duara lina digrii 360. Ichukue digrii moja, uigawe mara 60, na kipande kimoja ndicho dakika. Ukiwa yadi 100 kutoka kwa shabaha, dakika moja ni upana wa inchi moja na nukta kidogo. Kwa mita 100 ni kama sentimita 2.9. Ukienda yadi 200, upana huo huongezeka maradufu.

Bunduki ikifungwa imara mezani na kupigwa risasi kadhaa kwenye karatasi, matundu hayaingii mahali pamoja. Hutawanyika. Kundi la matundu likiwa na upana wa inchi moja kwa yadi 100, husemwa kwamba bunduki hiyo ni ya dakika moja. Zamani mwenye bunduki ya kiwandani iliyopiga inchi moja na nusu au mbili alishukuru Mungu. Leo viwanda vinaahidi dakika moja kwa maandishi, na si vya bei ya juu pekee. Tikka, zinazotengenezwa na kampuni ya Sako mjini Riihimäki, Finland, huuzwa kwa ahadi hiyo. Vivyo hivyo Weatherby Vanguard, ambayo ina jina la Kimarekani lakini hutengenezwa Japani na kampuni ya Howa.

Lakini soma maandishi madogo. Ahadi nyingi ni za risasi tatu tu, na kwa risasi za kiwango cha juu. Wanafunzi wa hisabati watanielewa upesi: risasi tatu ni mfano mdogo mno. Bunduki ile ile, mikononi mwa mtu yule yule, ikipigwa risasi tano badala ya tatu, kundi lake kwa wastani hupanuka kwa kama robo. Ikipigwa kumi, hufikia mara moja na nusu ya lile la tatu, hata zaidi kidogo. Haikuharibika njiani. Ni kwamba bahati imepewa muda mfupi zaidi wa kudanganya. Kwa hiyo mtu akikutolea mfukoni karatasi yenye matundu matatu yaliyogusana, msifu, kisha umwombe akuonyeshe zile karatasi nyingine alizozitupa.

Sasa tumgeukie kulungu. Mahali penye moyo na mapafu, ambapo risasi humwangusha bila mateso marefu, pana upana wa kama inchi nane, sawa na sahani ndogo. Bunduki ya dakika moja na nusu hutawanya risasi inchi tatu kwa yadi 200. Hata ile ya dakika mbili, ambayo wauzaji wataionea haya, hutawanya inchi nne. Zote mbili zinaingia sahanini na nafasi inabaki. Mwindaji wa kulungu anayeongeza dola 1,000 ili apunguze nusu inchi ananunua furaha yake, na hiyo ni haki yake, lakini asimwambie mkewe kwamba ni kwa ajili ya mnyama.

Nilipomweleza shemeji hivyo, alinyamaza kidogo. "Basi yule wangu alitorokaje?" akauliza. Lilikuwa swali la haki, na tutalirudia.

MTUTU WA BEI NAFUU

Ndani ya mtutu mna mifereji inayozunguka kama ngazi ya mnara. Hiyo ndiyo huizungusha risasi ili isiyumbe hewani. Zamani fundi aliikata mifereji hiyo mmoja mmoja, kazi ya saa nyingi na ya mkono uliotulia. Kisha ukaja mtambo, uliobuniwa Ujerumani wakati wa matayarisho ya Vita vya Pili vya Dunia, ambao huuweka ufito mgumu wenye umbo la mifereji ndani ya mtutu, halafu nyundo zikaupondaponda mtutu kutoka nje hadi ndani yake uchukue umbo la ule ufito. Mtambo wenyewe ni ghali ajabu, lakini ukishaununua, mtutu mzuri hutoka kwa dakika chache. Hiyo ni sababu mojawapo ya bunduki rahisi za leo kulenga kama za matajiri wa jana. Mashine zinazoongozwa na kompyuta zimefanya yaliyosalia.

Kisa kinachonifurahisha zaidi ni cha Savage. Bunduki yao ya namba 110, iliyotolewa 1958, ina nati inayoonekana wazi mahali mtutu unapoingia kwenye mwili. Watu waliicheka, wakisema inafanana na bomba la maji. Ila nati hiyo ndiyo humwezesha mfanyakazi kuurekebisha mtutu hadi risasi ikae sawasawa kabisa, kisha akaukaza, bila kuhitaji fundi bingwa. Kampuni hiyo ilifilisika 1988, ikaokolewa kwa kushikilia bunduki hiyo hiyo moja, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaleta kifyatulio chepesi ambacho mnunuzi anaweza kukirekebisha mwenyewe. Washindani walilazimika kuifuata. Kifyatulio si pambo: bunduki nzima ina uzani wa kama kilo tatu, na kama kidole chako kinalazimika kuvuta kwa nguvu za kilo tatu pia, mtutu utasogea tu kabla risasi haijatoka.

Kinyume chake ni Winchester na bunduki yao ya namba 70, iliyotoka 1936 na kusifiwa na wengi. Mwaka wa 1964 kampuni ilipunguza gharama za utengenezaji, ikabadilisha sehemu kadhaa, hata nakshi za kitako zikawa za kupigwa muhuri badala ya kuchongwa. Wateja walikasirika mno. Hadi leo mtu hulipa zaidi kwa ile ya kabla ya 1964, kwa sauti ile ile ambayo baba zetu huitumia wakiisifu Peugeot 504.

Je, katika hizi za bei nafuu hasara iko wapi? Iko kwenye kitako. Savage Axis na Ruger American, ambazo mara nyingi hupatikana kwa kati ya dola 400 na 600, zina mitutu ya kuridhisha na vitako vya plastiki. Plastiki nyembamba hupinda ukiiegemeza kwenye gogo, ikaugusa mtutu, na mtutu ulioguswa upande mmoja hauwezi kutetemeka kwa namna ile ile kila risasi inapotoka. Mbao nazo zina dhambi yake, kwani huvimba zikinyeshewa. Jaribio lake halihitaji fundi: chukua noti, ipitishe kati ya mtutu na kitako, kutoka mbele hadi karibu na mwili. Ikipita bila kukwama, hata unapokibana kitako kwa mkono, uko salama. Shemeji alilifanya jaribio hilo dukani kwa noti ya dola moja. Muuzaji, alivyonisimulia, alianza kumheshimu tangu hapo.

BEGA LINALOOGOPA

Mtaani kwetu kuna mzee ambaye ujana wake aliutumia akibeba bunduki za wageni katika safari za uwindaji, kabla ya marufuku. Nilimpelekea kilo ya sukari, nikamuuliza bunduki iliyolenga vyema kuliko zote ilikuwa ipi. Alicheka.

"Mwanangu, mgeni mwenye bunduki kubwa kuliko bega lake ndiye aliyetutafutisha nyati vichakani," akanijibu. "Alifumba macho kabla haijalia."

Mzee hakukosea. Yule Mskoti W.D.M. Bell, aliyepewa jina la Karamojo kwa sababu ya kuwinda katika nchi ya Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, aliua ndovu zaidi ya elfu moja, mauaji ambayo leo hakuna awezaye kuyasifu. Wengi wa ndovu hao aliwaua kwa risasi ndogo ya milimita 7 iliyotengenezewa bunduki za Mauser, ambayo kampuni ya Rigby ya London iliiita .275. Wenzake walibeba mizinga. Yeye alipasua mafuvu ya ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo.

Bunduki aliyoazimwa shemeji, kumbe, ilikuwa ya risasi za nguvu nyingi zaidi ya zinazohitajika kwa kulungu. Alikiri kwamba bega lilimwuma siku mbili. Kwa mnyama huyo, zile za kawaida zinatosha kabisa: .270 ya mwaka 1925, .308 ya 1952, au 6.5 Creedmoor ya 2007 ambayo hupiga bega kwa upole zaidi. Zote hupatikana karibu kila duka, na hilo ni jambo kubwa. Bunduki inayokula risasi adimu ni kama gari lisilo na vipuri.

Tena kila bunduki ina chakula inachokipenda. Mbili zilizotoka kiwandani siku moja huweza kutofautiana, hii ikilenga vyema na risasi za kampuni hii, ile ikizitapanya. Hakuna njia ila kununua aina mbili tatu na kuzijaribu. Na kwa kuwa nyama itapikwa nyumbani na watoto wataila, nilimshauri azijaribu pia zile za shaba tupu, kwani zile za madini ya risasi huacha chembechembe ndani ya nyama, mbali hata na tundu lenyewe.

HESABU YA DOLA 800

Dada alitaka hesabu kwa karatasi. Tuliigawa hivi: bunduki isizidi dola 500, darubini na vishikizo vyake dola 200, zilizobaki ni risasi za mazoezi. Boksi la risasi 20 za .308 huweza kufika dola 30 au zaidi, kwa hiyo mia moja huisha kabla hujajua bunduki yako. Wengi hukosea hapa hapa. Hununua bunduki ya dola 750, wakabandika darubini ya dola 50 inayohama kila bunduki inapolia, wakaenda msituni baada ya kupiga risasi tano.

Kulikuwa na njia nyingine ya kuokoa pesa: kununua iliyotumika. Mtu mmoja alikuwa akiuza Remington 700 kuukuu kwa bei ya kuvutia. Hiyo ni bunduki iliyotoka 1962 na kupata sifa kubwa ya ulengaji. Nilimwambia asiguse mfuko kabla ya kuuliza habari za kifyatulio. Mnamo 2014 kampuni hiyo ilizirudisha bunduki zilizotengenezwa na kifyatulio cha XMark Pro kati ya Mei 2006 na Aprili 2014, kwa kuwa zingeweza kufyatuka zenyewe. Kabla ya hapo kulikuwa na kesi za miaka mingi kuhusu kifyatulio cha zamani zaidi, zilizoishia kwa mapatano ya kuwabadilishia wateja bila kampuni kukubali kosa. Yule muuzaji hakuwa na stakabadhi yoyote ya kuonyesha kwamba chake kilibadilishwa. Shemeji akarudi nyumbani mikono mitupu, na sikumwonea huruma. Nyumba yake ina watoto wawili.

Mwishowe alinunua Savage mpya ya .308 kwa dola 470, pamoja na sanduku la chuma la kufungia, ambalo hatukuwa tumelihesabu na ambalo lilizua ugomvi wa jioni nzima. Darubini ilipungua bei ili sanduku lipatikane.

Na yule kulungu? Mwenye ile bunduki ya kuazima aliipeleka kwenye uwanja wa shabaha wiki mbili baadaye. Risasi tano zilitapakaa upana wa sinia. Alipoigusa darubini ilicheza kama jino bovu. Skrubu mbili za vishikizo zilikuwa zimelegea. Zilihitaji bisibisi na muda wa kumenya chungwa. Bunduki haikuwa na kosa, na shemeji, ingawa bega lake liliogopa, huenda naye alilenga sawa.

Mwezi jana alinitumia picha ya karatasi yenye matundu matano, yote yakiingia chini ya kifuniko cha chupa ya soda kubwa kidogo. Nilimuuliza amepiga karatasi ngapi kabla ya hiyo. Akanijibu kumi na moja, na kwamba nyingine zote amezihifadhi, hakuzitupa. Chini yake dada alikuwa ameandika kwamba tangi la mama litakuja Aprili, na kwamba Novemba hii nyama isipoingia nyumbani, yeye mwenyewe ndiye atakayetangaza bei ya kuiuza ile bunduki.